Koti la Ukutani

Kitu kinachoniudhi mimi ni mtu kusema nguo ni nguo tu. Anayesema hivyo hajawahi kukaa kwenye chumba cha fundi akaona mwanaume anavyoingia mabega yameshuka, anaongea kwa kunong'ona utadhani anaomba msamaha, halafu akilijaribu koti lake mbele ya kioo anageuka mtu mwingine. Hata kikohozi kinabadilika. Anaanza kutuita "nyinyi mabinti", sisi wenye wajukuu.

Chumba chetu tunakodi wawili. Upande wa dirishani niko mimi na mapazia, mashuka na sare za shule. Upande wa mlangoni yuko mwanamke mwenzangu, ambaye mtaa mzima unamwita Makoti kwa sababu hashoni kitu kingine. Ukimpelekea suruali anakusukumia kwangu. Ukimpelekea gauni anakutazama kana kwamba umemletea kuku akuchinjie. Makoti ya kiume tu, basi, na yote ya mtindo mmoja: kola pana, mabega yaliyonyooka, mfuko mdogo kifuani, vifungo vitatu, na kile cha katikati lazima kiwe cheupe kuliko wenzake. Vijana wa siku hizi wanataka koti fupi la kubana, mtu akikaa chini mishono inalia. Yeye hataki hata kusikia habari hizo.

"Hao washonee wewe," huniambia. "Mimi nashona koti la mtu."

Huyo mtu alikuwa ukutani. Picha isiyo na rangi, ndani ya fremu ya mbao, mwanaume amesimama mbele ya pazia lililochorwa ngazi na maua, koti limemkaa kifuani utadhani kazaliwa nalo. Baba yake Makoti. Na kifungo cha katikati, ukisogea karibu, ni cheupe. Ndiyo maana makoti yake yote yalitoka hivyo. Wateja walidhani ni mtindo mpya, wengine wakausifia, na yeye hakuwasahihisha.

Baba alifariki Makoti akiwa bado tumboni. Mama yake alihama, akamlelea mji mwingine, mbali na huku, na mama mwenyewe hakuwa mtu wa maneno. Kila mtoto alipouliza baba alikuwa mtu wa namna gani, mama alinyoosha kidole ukutani akasema, "Si huyo hapo, mwangalie." Basi mtoto akamwangalia. Akakua anamwangalia. Na kwa kuwa picha haisemi, koti ndilo lililomjibu. Koti lilimwambia baba alikuwa mtu wa ofisini, mwenye meza na kalamu zake, mtu anayepishwa njia. Akajifunza ufundi ili ajue koti lile lilishonwaje.

Mama alipofariki, Makoti alifunga mizigo akaja huku kwa sababu moja tu, kwamba picha ile ilipigwa katika mji huu. Ndugu hakuwa naye, wala jina la mtu wa kumuulizia. Akaitundika mkabala na mlango, mahali ambapo kila anayeingia lazima aione kabla hajatuona sisi. Alikuwa anamsubiri mtu mmoja aingie, ainue macho, aseme, "Ee, huyu si fulani? Namjua huyu." Hicho tu ndicho alichokitaka duniani. Mimi nilimwona mara nyingi, mteja mgeni akitazama juu, mkono wa Makoti unasimama kwenye gurudumu la cherehani, pumzi ameibana.

"Koti zuri hilo," anasema mteja. "Nishonee kama lile."

Hayo ndiyo waliyosema wote. Wazee kwa vijana, hakuna aliyeuliza aliyelivaa ni nani. Mteja akishaondoka, Makoti anainama, anatafuta pini ambayo haijaanguka. Siku moja tulikuwa tunapiga pasi, mvua imetufungia ndani, akaniambia, "Mwenzangu, hata angekuja mtu wa kumtukana baba yangu, ningemkalisha kwenye kiti, nimsikilize mpaka amalize." Nikaipitisha pasi tena kwenye shuka lililokwisha nyooka.

Sasa akaja mwalimu. Mwalimu wa shule ya msingi ya hapo juu, mtu mpole, anamwoza binti yake. Aliingia na kitu amekizungushia gazeti, akasimama katikati ya chumba akimtazama baba wa ukutani kwa muda mrefu.

"Dada," mwalimu akasema, "napita hapa kila siku naiona hii picha. Nataka koti kama hilo hilo nilivae siku ya binti yangu. Marehemu mzee wangu alikuwa nalo la namna hiyo."

Akalifungua gazeti. Ndani yake mlikuwa na picha nyingine, fremu nyingine, mwanaume mwingine mfupi wa mashavu, na koti. Makoti aliichukua akaenda nayo mlangoni kwenye mwanga. Alirudi uso umebadilika.

"Baba yako alilipata wapi koti hili?"

"Lilikuwa lake."

"Hili ni la baba yangu."

"Dada, heshimu marehemu."

"Na wewe mheshimu wa kwangu. Kifungo cha katikati hiki hapa. Mfuko umeshonewa juu kidogo upande mmoja, ona hapa, kisha nenda kaone pale. Mimi koti hili nalijua kuliko ninavyojua kiganja changu. Baba yako aliuziwa, au alilichukua tu?"

Mwalimu mpole akapandisha hasira. Akasema mzee wake hakuwahi kugusa cha mtu, na kama ni hivyo basi yeye koti atashona kwingine. Makoti akasema nenda, lakini picha inabaki hapa mpaka tuelewane. Wakaishika fremu wawili, huyu anavuta, huyu anavuta. Nikaona hapa litavunjika jambo, nikainuka kuwaamua. Ndipo nikaziona picha zote mbili kwa mara moja, ya mkononi na ya ukutani, na pazia lile la ngazi na maua. Nikaikumbuka na nyingine, ya mjomba wangu, sebuleni kwake juu ya redio.

"Makoti," nikasema, "hata mjomba wangu analo."

Mjomba wangu alikuwa mchimba visima. Maisha yake yote sikumwona na koti, labda koti la mvua. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma, nikamwambia mwalimu, kwa hiyo baba yako, baba yake na mjomba wangu walikuwa wanapokezana. Nilipomaliza kufuta machozi nikaona hakuna anayecheka na mimi. Mwalimu alikuwa anamwangalia Makoti, na Makoti ameiachia fremu, mikono inaning'inia.

"Mzee wangu alipiga kwa yule mpiga picha wa karibu na stendi," mwalimu alisema kwa upole. "Yuko bado. Kamuulizeni."

Kesho yake tulifunga chumba tukaenda. Njia nzima Makoti ameikumbatia fremu kifuani. Studio siku hizi ni ya picha za pasipoti. Binti wa mzee ndiye anayepiga na kuchapisha kwenye kompyuta, mzee mwenyewe anakaa nyuma kwenye kiti cha plastiki, miwani minene, nywele nyeupe pe. Tukamwamkia, akaitikia marahaba vizuri, akatuuliza tunataka pasipoti au kitambulisho.

"Tumekuja kuuliza habari ya koti," nikasema.

Mzee alitabasamu. Aliinuka taratibu, akafungua mlango wa kabati, na lilikuwemo. Limetundikwa, limepauka mabegani, lakini ni lile lile. Makoti aliliangalia jinsi mtu anavyomwangalia ndugu aliyemkuta na watu wasiofaa.

"Siku zile nani alikuwa na koti?" mzee akasema. "Mtu anataka picha ampelekee mchumba, au amwachie mke wake kabla hajasafiri kutafuta kazi. Nimpige na shati lililotoboka? Nilikuwa nawavika. Mwembamba namkaza pini mgongoni, mnene nampasulia mshono wa nyuma, akiondoka naushona. Mbele bwana mkubwa, nyuma pini tupu. Ndiyo maana sikupiga mtu chini ya kiuno. Huko chini kulikuwa na vituko."

"Na kifungo?" Makoti aliuliza kwa sauti ndogo.

"Cha katikati? Kiling'oka siku aliyokuja muuza nyama mmoja. Alivuta pumzi nikasikia ta, kikaruka hatukukiona tena. Nikachukua kwenye blauzi ya mama watoto."

Nikauma midomo. Nilifikiria wanaume wote wa mji huu wanaotembea na kifungo cha blauzi ya mke wa mpiga picha vifuani mwao, na kwa mara ya kwanza sikuthubutu kucheka. Mzee aliporudi kitini, Makoti aliweka fremu mapajani mwake.

"Na huyu, mzee wangu, ni nani?"

Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Alitazama sana. Aliisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Nikudanganye, mwanangu?"

"Usinidanganye."

"Simkumbuki. Walikuwa wengi. Na mimi nilikuwa naangalia taa, naangalia koti limekaaje. Uso niliwaachia wenyewe."

Makoti akakaa kwenye kile kiti cha kupigia picha, mbele ya kitambaa cheupe. Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia yule mzee bure, na mama yake marehemu, na wateja wote waliosema koti zuri. Mtu unampoteza baba kabla hujazaliwa, haya, umezoea. Kumpoteza mara ya pili ukiwa na mvi ni mambo gani.

"Kwa hiyo hakuwa mtu wa ofisini," alisema.

"Huenda alikuwa," mzee akajibu.

"Au mchukuzi."

"Au mchukuzi. Koti lile halikumkataa mtu."

Binti wa mzee alikuwa anamwambia mteja huko mbele asicheke, pasipoti haitaki meno. Labda mzee naye alikosa la kufanya, maana alilitoa koti kwenye kabati akampa Makoti alivae. Alilivaa. Kifuani lilimpwaya, na mikono ya koti ikaishia juu, kifundo chote cha mkono kikabaki nje. Mzee akaguna, akainua kidole, kazi ya zamani ikampanda kichwani.

"Weka mikono nyuma, mama. Wenye mikono mirefu wote nilikuwa nawaambia waweke nyuma, picha isiharibike."

Makoti hakuweka mikono nyuma. Alibaki ameitazama. Halafu akainyakua fremu kwenye kiti alipoiacha mzee, akaishika karibu na uso, na mimi nikasogea kuangalia anachoangalia. Baba yake alikuwa ameuweka mkono mmoja mbele, juu ya mgongo wa kiti. Koti limeishia juu, na mkono umetoka nje, mrefu, mwembamba, na lile fupa la pembeni limejitokeza. Maisha yake yote ameitazama picha ile, na mimi miaka yangu nimeitazama, hakuna aliyeuona mkono. Akaulaza wake juu ya kioo cha fremu, pembeni ya ule. Sikuhitaji kuambiwa, ulikuwa mkono ule ule.

"Kwani huyu hukumwambia aweke nyuma?" akauliza.

"Nilimwambia. Kila mtu nilimwambia." Mzee alitazama tena picha. "Basi huyu alinikatalia."

"Mbishi," nikasema. "Kuna mtu namfahamu."

Makoti alicheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia, vyote viwili pamoja, machozi yanadondoka kwenye lile koti, na mzee wala hakujali. "Alikataa," alikuwa anasema. "Umesikia? Aliambiwa aufiche akakataa." Hiyo ndiyo ilikuwa habari pekee ya baba yake aliyowahi kuipata kwa mtu aliyemwona kwa macho. Tulimwacha alie mpaka akatosheka.

Tuliporudi, Makoti akachukua kitambaa cha bluu iliyoiva alichokuwa amekihifadhi kwa mteja mkubwa. Akaniomba nimpime mkono, kuanzia begani mpaka kwenye lile fupa. Mwili wa baba aliukadiria kwenye picha, kifua, mabega, kwa jicho la fundi. Alikata peke yake, akashona peke yake, na nilipotaka kumsaidia bitana ya ndani akanipiga kofi mkononi.

Koti hilo sasa limetundikwa pale chini ya fremu. Kila anayeingia anataka kulijaribu, na Makoti anakataa, anasema lina mwenyewe. Juzi kijana mmoja king'ang'anizi akambana, mwenyewe ni nani, atakuja lini kulichukua, maana vumbi linaliingia.

Makoti alikuwa anatunga uzi kwenye sindano. Alimaliza kwanza.

"Haji," alisema. "Lakini angekuja, lingemtosha."