Tangi Mahali pa Jiko la Mama

Kaka yangu mkubwa alipomjengea mama nyumba ya mawe huku Wamagana, aliagiza mabomba yapitishwe chini ya sakafu ili maji moto yazunguke humo. Anaishi ng'ambo, na huko ndiko alikozoea sakafu ya namna hiyo. Kwetu mwezi wa saba ukungu hauondoki mpaka saa tano, na magoti ya mama yalikuwa yanamuuma. Sikuona ubaya.

Ubaya ulianzia kwa mashine ya kupasha maji. Ilikuwa inawaka, inazima, inawaka tena, kutwa nzima. Fundi kutoka Nyeri mjini alitueleza kwamba mama hufungulia joto chumba chake peke yake, kwa hivyo maji yanayozunguka ni machache. Mashine inayapasha haraka, inazima, yakipoa inaamka tena.

"Itajiua," alisema. "Inataka tangi hapo katikati yake na mabomba, ya kuweka maji moto mengi, ndio ipumzike."

Tangi lilipoletwa lilikuwa refu kuliko mimi. Karibu na mashine, mahali pekee pa kuliweka palikuwa na jiko la mama: kibanda cha mbao kilichojaa masizi, alimopikia na kuota moto, na ambamo wanawake majirani waliingia na matope yao wakitoka kuchuma chai, bila hodi.

Nilimpigia kaka simu, nikamwambia fundi amekubali kuliweka upande wa mbele wa nyumba, ataongeza bomba tu.

"Mbele? Wageni wakiingia waone tangi?" alisema. "Bomoeni hiyo kitu. Mama amevuta moshi ya kutosha."

"Tumuulize kwanza."

"Nani alijenga hapo, ni mimi ama ni wewe?"

Fundi, aliyekuwa kando yangu, alisikia yote, akaenda kuchukua nyundo.

Siku hiyo mama alikuwa amekwenda mazishi Othaya. Aliporudi jioni, mbao zilikuwa zimepangwa kando ya ua, na pale pa moto pamemwagwa simiti. Alisimama akiwa ameshika kibeti chake.

"Sasa mmeanza kugawana vitu zangu na bado niko hapa?"

Nilianza kueleza, akapita. Aliingia ndani, akavua viatu mlangoni kama alivyofundishwa.

Tangi lilifanya kazi, hilo siwezi kukataa. Mashine ilitulia, sakafu ikawa na joto lisilobadilika. Lakini wale wanawake hawakuja tena. Mmoja nilimkaribisha mwenyewe. Akatazama vigae, akatazama miguu yake, akasema ana haraka. Mama alishinda kitini, nyayo zina joto, macho dirishani. Mwishowe aliomba apelekwe kwa dada yake Mwea.

"Huko jua inatosha," alisema.

Krismasi kaka alikuja na familia yake. Alitembea peku sebuleni, akawaita watoto waguse sakafu. Kisha akampigia mama simu ili aje aone. Nilisikia mama akijibu kwa upole kwamba wanafukuza ndege kwenye shamba la mpunga, hawezi kumwacha dada yake peke yake.

"Mama ni mgumu," kaka aliniambia alipokata simu. "Unamfanyia mtu mema, na bado."

Nilikuwa namenya viazi. Nikachukua kingine. Akaniuliza kama yule fundi bado yuko Nyeri, maana anataka vyumba vya wageni navyo vipate joto.