Aliyefungua Kamba

Harufu ya pombe ya mtama inayochachuka kwa jirani imenirudisha kwenye ua wa nyumba yetu ya tembe, enzi za Wajerumani.

Mjomba alikuwa amekataa kwenda kubeba mizigo yao. Askari aliyemkamata alimfunga mikono kwa kamba, kisha akaketi kwetu kupumzika. Bibi akamletea kibuyu cha pombe. Ilipomkolea, askari akataka kusikia zeze, na mpiga zeze alikuwa huyo huyo mfungwa. Akamfungua mwenyewe. Mjomba akapiga, sisi watoto tukapiga makofi, askari akacheza amefumba macho. Alipoyafumbua, makofi yetu bado yanalia, ila mjomba hayupo, zeze halipo.

“Anayemsaidia mfungwa kutoroka ana kosa lile lile!” akafoka. “Mtachapwa viboko wote!”

“Sawa, baba,” bibi akasema. “Mimi nilitoa pombe, watoto walipiga makofi. Na kamba alifungua nani? Twende wote bomani tukaseme.”

Askari alitutazama mmoja mmoja, halafu akaangua kicheko mpaka kofia ikamdondoka.

“Bibi, mimi leo sikupita hapa.”

“Kweli, baba, hatukukuona,” bibi akajibu, akimjazia kibuyu cha njiani.