Machela ya Magunia ya Sukari

Enzi zetu, sisi tuliokulia chini ya kilima cha Lubaga wakati wanajeshi wanatawala, vitu vya dukani tulivisikia kwa jina tu. Chai tulikunywa kavu, bila sukari, huku tunatafuna muwa, na mpira wa kwepena, ule mchezo wa kurushiana na kukwepa, tuliufunga wenyewe kwa matambara. Vijana wa leo simu ikiishiwa chaji wanasema wanateseka. Wangezaliwa wakati ule ningewaona!

Kaka yangu Juma alikuwa skauti, na likizo ile walikuwa waende kulala porini. Alitaka machela, kile kitanda cha kuning'inia kati ya miti miwili. Baba, ambaye kazi yake ilikuwa kushona maturubai ya malori kule Katwe, akasema hilo si neno. Bibi akaleta magunia mawili matupu aliyonunua soko la Owino, magunia ya sukari, na bado yalinukia utamu. Tuliyanusa kwa zamu kama wajinga. Baba akayaunga kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia, akakunja pindo, akaitundika machela uani kwenye mifenesi yetu miwili. Kamba nzuri ilikuwa bado Katwe, kwa hiyo akafunga ile kuukuu ya katani tuliyoanikia nguo, ya kujaribia tu. Akatuonya asipande mtu mzito.

Hatukuwahi hata kugombea zamu. Mwanajeshi mmoja aliingia uani na bunduki yake, bila hodi. Alikuwa akipita njiani akaona maandishi ya magunia.

"Mzee, sukari iko wapi?"

Siku hizo kushukiwa tu kwamba umeficha sukari kulitosha kukutia kwenye buti ya gari, na jirani yetu mmoja alikuwa ameondoka hivyo, hakurudi. Baba akaeleza kwamba magunia yalinunuliwa matupu, kwamba hiki ni kitanda cha mtoto. Mwanajeshi akaibonyeza machela kwa kiganja, akaibonyeza tena.

"Basi mimi nalala kidogo," akasema. "Nikiamka tutaongea hiyo sukari."

Akapanda na buti zake, bunduki kifuani, na punde si punde akaanza kukoroma. Wallahi nilishtuka kuliko nilivyoshtuka alipoingia. Sikujua watu wale hulala kama sisi, mdomo wazi.

Kisha tukasikia kamba ikilia. Upande wa kichwa, karibu na fundo, nyuzi zilikuwa zinakatika. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mtu yule akianguka na bunduki yake atadhani ametegwa, na Baba ndiye atakayelipa. Mama alimwonyesha Baba mlango wa nyuma kwa macho. Baba akatikisa kichwa. Yeye akikimbia, tutabaki sisi. Akavua viatu, akanyata hadi kwenye mfenesi, akaishika kamba upande wa machela, mbele ya pale palipokuwa panakatika, akaizungusha viganjani na kuegemea nyuma.

Alimshikilia mtu yule mpaka alasiri. Bibi alisimama upande wa pili akimfukuzia nzi usoni kwa kipepeo cha jiko, maana nzi mmoja tu angeweza kutuulia baba. Sisi watoto tulikaa ukutani, hata kukohoa hatukuthubutu. Nilikuwa nikiona damu ikichuruzika kutoka viganja vya Baba, na sikuamini kwamba machela ile tuliyokuwa tunaichekea asubuhi ndiyo hiyo.

Adhana ilipolia, mwanajeshi akafumbua macho, akateremka. Aliitazama kamba iliyobaki nyuzi chache, kisha akaitazama mikono ya Baba, kwa muda.

"Hii kamba mbaya, mzee," akasema. "Mtoto ataanguka."

Akaenda zake. Sukari hakuitaja tena. Baba aliketi palepale chini, na ndiyo mara pekee niliyopata kumwona akilia.

Siku hizi wajukuu wangu wana machela ya dukani, ya nailoni, ukiikunja inaingia mfukoni. Wanaitundika huku wanapigana picha, kisha wananitania mimi mzee wao: Jajja, panda ulale, unaogopa nini? Sipandi. Nasubiri wasinzie, na simu zao vifuani, halafu nachukua kigoda changu naenda kukaa shinani pa mti, mkono juu ya kamba.