Migongo Kwanza, Nyuso Baadaye

Siku ya kwanza kazini, mwaka 2015, nilikuwa na miaka hamsini na tisa na nilijiona bingwa. Kwetu Lubumbashi nilikuwa nimechora mabango ya vinyozi na picha za historia za kutundika sebuleni: machifu, wachimba madini, wafungwa katika minyororo. Karakana ya Jules Street, mtaani Malvern, huku kusini nilikohamia, juu ya duka la matairi, ilinakili picha za mabingwa wa kale wa Ulaya kwa ajili ya hoteli. Msimamizi, mtu wa Tanga, alinikabidhi picha ya vita na kuniambia nichore wapagazi watatu waliotupa kisogo.

"Mzee, hapa tunaanza na migongo," alisema. "Uso humpendeza mtazamaji hata ukiukosea. Mgongo haukusaidii kitu."

Nilichora migongo miezi mitatu. Tulipiga miraba kwa chaki juu ya kitambaa, tukahamisha mistari mraba kwa mraba, kisha tukapaka tabaka la kahawia la kutenga mwanga na kivuli, ndipo rangi zikafuata. Nakala ilipaswa kuwa ndogo kuliko picha ya asili, hata kwa upana wa kidole, asije mtu akaiuza kama ya asili. Msimamizi alipima kila moja mwenyewe.

Mwaka 2018 kanisa letu la Wakongo, hapo hapo Malvern, liliagiza picha kubwa ya ukutani: safari yetu ya kuja huku. Kazi nilipewa mimi. Waumini wakaleta picha zao kwenye simu, nami nikawaingiza mmoja mmoja.

Mama Faida, msusi, alikuja mikono mitupu. Mumewe, fundi cherehani, alipotelea njiani walipokuwa wakikimbia. Hana kaburi, na picha zake ziliungua pamoja na nyumba. Aliomba mumewe naye atembee na wenzake pichani.

"Watoto wananiuliza baba alifananaje," alisema. "Na mimi uso wake umeanza kunitoroka, Papa."

Hapo nilikosea kosa la mnakili. Mkono usio na cha kunakili hunakili ulichozoea. Nilimpa uso wa mtakatifu mmoja niliyemchora mara kumi na moja, nikamkoleza ngozi. Mama Faida aliusogelea.

"Papa, huyu ni nani? Ni mzungu aliyekaa juani."

Msimamizi alicheka, kisha akarudi kwenye kazi yake alipoona mama hacheki. Mimi nilikosa pa kuweka uso wangu. Nilimpa kiti, nikaacha kumwuliza habari za pua na macho. Nikamwuliza mumewe alitembeaje.

Hakukaa. Alisimama akanionyesha: bega la kulia limeshuka kwa kubeba cherehani kila jioni kutoka sokoni, shingo imelalia kushoto, kiganja cha kushoto kiko nyuma kiunoni. Alivuka karakana hivyo, akageuka, akarudi. Nilifuta ule uso kwa tambara lenye tapentaini na kumgeuza mtu wangu atupe kisogo.

Picha ilipotundikwa, mama alikuja na wanawe wawili. Alisimama hatua chache nyuma ya mumewe wa pichani, kama mtu anayefuata mwenzake kwenye njia nyembamba.

"Ndiye," alisema. "Nilikuwa nyuma yake hivi hivi."

Binti yake mkubwa, anayeelewa Kiswahili chetu lakini hujibu kwa Kizulu, aliuliza mbona baba hageuki.

"Amebeba mashine yake ya kushona, mwanangu. Angegeukaje?"

Nilistaafu mwaka 2019, macho yalipoingia ukungu. Vijana huniuliza kama sioni haya kuumaliza umri wangu nikifuatisha kazi za watu wengine. Mimi huwajibu kwamba bila wale wapagazi watatu nisingejua kumchora fundi yule. Jumapili mimi huketi viti vya nyuma kanisani. Mama Faida yuko mbele yangu, na mbele yake, ukutani, yuko mumewe. Kwa umbali ule nyuso sizitambui tena. Migongo bado naijua.