Nilivyokamatwa kwa Kuvuta

Mama Utumishi wa kazini kwetu alininusa vidole mbele ya watu.

Kimoja kimoja, kuanzia dole gumba.

"Umeshanawa," akasema, kama daktari anayetoa majibu mabaya.

Ndugu zangu, mimi sijawahi kuvuta sigara, sembuse bangi. Lakini siku ile ushahidi wote ulinielemea, na ushahidi wenyewe niliuandika mimi, kwa kidole changu mwenyewe.

Ngoja nianzie nyuma.

Nilimaliza chuo na shahada yangu ya historia, nikakaa mwaka mzima bila kazi. Aliyeniokoa ni baba mdogo, fundi cherehani, ambaye nilikuwa naishi kwake. Anashona sare za kampuni moja inayouza madaftari, basi akaniombea ukarani wa stoo na kunidhamini kwa jina lake.

Akanipa sharti moja tu. Kinanda cha babu kisikanyage nyumbani kwake.

Babu aliniachia kodiani, kile kinanda kinachobebwa kifuani, unakitanua na kukibana kama unakanda unga hewani. Ndiye aliyenifundisha. Na kwa babu ukisema "napiga kinanda" unagombezwa.

"Kimekukosea nini mpaka ukipige? Kinanda kinavutwa!"

Basi kwetu ikawa hivyo. Tunavuta.

Baba mdogo hakutaka hata kukiona. "Baba alivuta kwenye harusi za watu wote," aliniambia. "Sisi wanawe tunamsikia kwa mbali, nyumbani hayupo. Kigawe. Na nikikukamata na uongo, utafute pa kulala."

Nikamwambia nimekigawa kwa shule moja.

Uongo mtupu. Nilikuwa nimekificha stoo, ndani ya boksi la madaftari.

Kila mchana wenzangu wakienda kula, najifungia. Maboksi mia sita ya karatasi yanameza sauti, huwezi kuamini. Navuta dakika ishirini, jasho linanitiririka, natoka nimekuwa mtu. Sio kwamba najua sana. Nina nyimbo tatu, na moja nakosea palepale kila siku. Lakini dakika hizo ishirini zilikuwa zangu.

Siku ya tukio nilimwandikia dada yangu:

"Dada, leo nimevuta kidogo tu. Stoo haina hewa, ila nikishavuta kichwa kinatulia kabisa. Babu angekuwepo tungevuta wote."

Nikatuma.

Kwenye kundi la kazini.

Watu arobaini na mmoja.

Nikafuta fasta. Kumbe kufuta ndiko kulikonimaliza, maana dereva wetu, tunayemwita Breki kwa sababu mdomo wake hauna, alikuwa ameshaupiga picha ujumbe ule.

"Mpaka babu!" Alicheka hadi akashika mlango. "Mdogo wangu, kumbe ni ukoo mzima?"

Wakapekua mkoba, droo, hadi viatu. Maboksi hawakuyagusa.

"Binti, taja unavuta nini na nani anakuletea," alisema Mama Utumishi. "Hutaki? Sawa. Mdhamini wako nimeshampigia, yuko njiani. Ukishindwa kumwambia yeye, kazi huna."

Hapo ndipo nilipobanwa kweli. Nikisema kinanda, nyumba imekwenda. Nikinyamaza, kazi imekwenda, na jina la baba mdogo nimelipaka matope.

Wakaniweka stoo nimsubiri, mlinzi mlangoni.

Kidirisha kiko juu, kina nondo, hata paka hapiti. Joto. Harufu ya karatasi mpya. Nilikaa juu ya boksi, boksi lile lile. Jibu la maswali yao yote nilikuwa nimelikalia.

Mara mbili nilifungua mdomo nimwite mlinzi. Mara mbili nikaufunga.

Kisha nikasikia kikohozi cha baba mdogo koridoni.

Aliingia na futi kamba yake ingali shingoni. Hakuitikia hata shikamoo yangu. Mama Utumishi akampa simu, Breki akiwa nyuma yake. Baba mdogo akavaa miwani, akasoma. Akarudia. Nilimwona alipofika kwenye lile neno la kuvuta. Akaacha kusoma, akanitazama.

Duniani tulikuwa tumebaki watu watatu wa kulielewa: dada, mimi, na yeye.

"Kiko wapi?" akauliza.

"Kipisi?" Breki akadakia.

"Wewe nyamaza. Mwanangu, kiko wapi?"

Nikasimama. Nikafungua boksi nililokuwa nimelikalia.

Mama Utumishi akakitazama kinanda, akanitazama mimi. "Sasa hicho nacho kinavutwaje?"

Nikavaa mkanda wake begani, nikavuta. Nikakosea palepale. Hakuna aliyecheka. Hata Breki.

"Baba mdogo, nisamehe," nikaanza kulia. "Nilikwambia nimekigawa..."

"Mkanda," akanikatiza. Akaushika begani kwangu, akaupitisha kwenye vidole vyake. "Juzijuzi uliniletea niushone, ukasema ni wa begi la rafiki yako. Mishono hii ya zamani niliishona mimi, nina miaka kumi na miwili, baba kasimama mlangoni anausubiri aende harusini. Unadhani siijui?"

Nilikosa pa kuweka macho.

"Ulijua? Mbona hukuniuliza?"

"Nilikuwa nasubiri uniambie."

"Lakini ulinikataza!"

"Nilikukataza kukileta. Kuniambia sikukukataza."

Nilibaki na kazi, pamoja na barua ya onyo kwa kuhifadhi mali binafsi stoo. Breki ananiita Mvutaji mpaka leo.

Kinanda hakijaingia nyumbani. Kinakaa kwenye banda la ushonaji la baba mdogo, chini ya meza ya kukatia vitambaa. Nikitoka kazini napitia hapo, navuta, naye anakanyaga cherehani yake kana kwamba hasikii. Jana nilikosea palepale. Cherehani ikanyamaza.

"Hapo rudia," akasema, bila kugeuka.

Nikarudia.

Wewe unayesoma, nina neno moja tu kwako. Siku ile mlinzi alikuwa mlangoni nusu saa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimejifungia humo miezi mitatu. Kama kuna boksi umelikalia, simama ulifungue wewe, kabla hajaitwa mtu mwingine aje kulifungua.