Kimea Kisichokaangwa

Kuna siku moja huwa naikumbuka kila nikisikia harufu ya ulezi unaokaangwa, na leo umenikumbusha wewe, mwanangu. Umekuja kutoka Tunduma na kifuko cha hopsi, yale maua makavu yanayotia bia uchungu na harufu, ulichopewa na dereva wa lori aliyevuka kutoka Zambia. Ukasema unataka kubuni bia yako mwenyewe, nyekundu na chungu kidogo, uwape wageni kwenye ubatizo wa mwanao. Kisha ukachukua karai ukaange kimea chote cha ulezi. Nikakuambia weka karai chini, ukae.

Mimi nililetwa kuolewa hapa Ihanda kutoka Ibaba, msichana mwembamba asiyejua hata kusalimia kwa Kinyiha, lugha ya hapa. Msimu wangu wa kwanza kahawa ya baba mkwe iliiva yote kwa pamoja, ikaanza kudondoka. Wachumaji ni majirani, na majirani walikuwa wakiitwa kwa pombe, maana mkono mtupu haulambwi. Mama mkwe akasema pombe hiyo nipike mimi.

Usidhani ni kazi ndogo. Jina watakalokupa siku ya pombe yako ya kwanza, unazeeka nalo. Jirani yetu mmoja aliitwa Mama Uji, kwa sababu pombe yake ya kwanza haikuchacha. Alishakuwa na wajukuu, na bado ni Mama Uji.

Basi mimi nikataka yangu iwe nyekundu, wasahau kabisa kwamba nimetoka kwingine. Nikakaanga kimea chote mpaka nyumba nzima ikanukia. Nikapika uji, nikaupoza, nikachanganya kimea humo, nikafunika. Nilipokuja kufunua, rangi ilikuwa nzuri ajabu. Lakini kimya. Hakuna povu, wala ile sauti ndogo ya pombe inayochacha. Watu walikuwa wameshaitwa kwa siku ya pili yake. Nikakaa kando ya mtungi nikalia.

Mama mkwe akanikuta hivyo. Alichovya kidole, akaonja, halafu kabla hajasema neno akaenda kufunga mlango.

"Mwanangu, umepika rangi," akasema. "Kimea ukikikaanga chote kinakufa. Kinachochachusha pombe ni kile ambacho hakikuona moto. Kwa nini hukuniuliza? Kuuliza si ujinga."

Alinisema kweli kweli, nisikufiche, na mtu wa Ibaba hasemwi akafurahi. Ila huku ananisema, mikono yake ilikuwa inashusha kutoka darini kimea chake mwenyewe, kilichoanikwa juani tu. Tukakisaga, tukakitia kwenye mtungi. Akawatumia majirani habari kwamba goti linamsumbua, wangoje kidogo. Goti lake lilikuwa zima kuliko langu. Jioni mtungi ukaanza kunong'ona, na mimi nikalia tena, safari hii kwa furaha.

Siku ya kuchuma ilipofika, yeye ndiye aliyetangulia kuonja mbele ya watu, kama ilivyo desturi, wajue pombe ni salama. Akanywa kata nzima, akapangusa mdomo.

"Hii ni ya mkwe wangu," akasema. "Nimekula chumvi nyingi, lakini wekundu huu sijawahi kuupika."

Wala hakudanganya. Kahawa ilichumwa yote, na mimi wakaniita Mama Rangi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata, na kata ile ilinyamaza mpaka tulipoizika. Namshukuru mama yule kila nikipita kaburini kwake, na shukrani yenyewe haijawahi kunitosha.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Kaanga kimea kidogo tu, kiasi cha kuleta wekundu, kilichobaki kianike juani kibaki hai. Hopsi nazo, kama ulivyonisomea kwenye simu yako, usizitose zote mara moja: nyingine zichemke na uji tangu mwanzo zitoe uchungu, nyingine ziingie mwishoni mwa kuchemsha, la sivyo harufu yote itapotelea hewani na wageni wako wataachiwa uchungu peke yake. Na mtu wa nyumbani kwako akikosea, mkemee, usimwonee haya, ila funga mlango kwanza. Ukishaufungua, msifu kwa kile alichoweza, na kisiwe cha uongo.

Haya, lete karai. Mungu ambariki huyo mtoto wako, awape majirani miguu ya kuja ukiwaita, na siku mtungi wako ukikaa kimya, akuletee mtu atakayefunga mlango kabla ya kufungua mdomo.