Siku Niliyowaita Watu Kupungia Kiroba cha Mbolea

Nina aibu moja ambayo hata padre sijamwambia, maana si dhambi, ni ujinga tu, na leo naiandika kwa mkono wangu mwenyewe (niliishia darasa la tatu, lakini mwandiko wangu unasomeka) ili jirani yangu Mama Oliva aache kuisimulia kwa kuongeza chumvi.

Mjukuu wangu Skola alichaguliwa kwenda kidato cha tano, masomo ya sayansi, shule ya mbali, siku nzima kwenye basi. Baba yake alishafariki, anayemlea ni baba yake mdogo, Deo, kitinda mimba wangu, kichwa kigumu kama jiwe la kusagia ulezi. Deo akasema hapeleki msichana huko kote akafundishwe habari za nyota. Skola akamwambia kuna nyumba ya chuma inaizunguka dunia, ndani wanaishi watu, na Jumapili itapita juu ya mashamba yetu tuione kwa macho haya haya.

Deo alicheka mpaka akakohoa. "Haya. Ikipita saa utakayotaja, nakupeleka shule mwenyewe. Isipopita, unabaki hapa tulime."

Skola akaenda Sumbawanga mjini kwa mwalimu wake kuangalia hiyo saa kwenye mtandao, na Jumapili asubuhi akanitumia ujumbe kwenye kitochi changu: "Bibi, itapita 7:25. Mwambie baba mdogo. Nakuja."

Hapo ndipo nilipoharibu. Badala ya kumwambia Deo peke yake, nilisimama baada ya misa, kifua kimejaa sifa, nikaitangazia jumuiya nzima kwamba mjukuu wangu anawaletea watu wa angani, saa saba na dakika ishirini na tano, uwanja wa kanisa, msikose.

Wakaja. Jua la mchana limesimama utosini, upepo wa mwezi wa saba unatupiga vumbi, watu sitini shingo juu kama kuku wanaokunywa maji, katekista amekinga macho kwa kitabu cha nyimbo, na mimi mbele yao nimekodoa macho, mara nikaona kitu cheupe kinapaa, nikapiga kelele "Hao! Hao wanapita!" na akina mama wakapiga vigelegele, wakapunga kanga, wengine wakaanza kuimba, mpaka kile kitu kikashuka taratibu na kunasa kwenye paa la kanisa.

Kiroba cha mbolea. Kitupu.

"Karibuni wageni!" akasema Mama Oliva. "Mbona mmekuja na mbolea, na sisi tumeshavuna?"

Wakacheka hadi wakakaa chini. Deo hakucheka. Alisema tu, "Basi, tumemaliza," na nikajua shule ya mtoto imekwenda na kiroba.

Skola akashuka kwenye bodaboda wakati watu wanatawanyika. "Bibi! Saba ya simu ni saa moja yetu! Saa moja jioni!"

(Jambo hilo kila anayetazama saa ya simu analijua. Mimi saa yangu ni jogoo na kengele ya kanisa.)

"Waganga nao hivyo hivyo," Deo akasema, "dawa ikigoma mchana wanakwambia subiri jioni."

Nikamsimamia mbele. "Deo, nimekuzaa mimi. Mtoto kasema sawa, aliyesoma vibaya ni mama yako. Jioni utasimama hapa hapa." Halafu nikazunguka nyumba kwa nyumba, nikijishusha kwa kila mtu, nikiwaambia mjinga ni mimi, siyo Skola.

Walirudi wote. Wengi walikuja kunicheka tu. Giza limeingia, baridi inauma, Skola akanyoosha kidole: "Itatokea kule, upande wa Ziwa Tanganyika, na itapotelea bondeni Rukwa."

Ikatokea! Dakika ile ile! Nuru nyeupe, kali kuliko nyota yoyote, haipepesi, haingurumi, inakwenda zake bila haraka juu ya vichwa vyetu. Hakuna aliyepiga kigelegele. Mama Oliva alinishika mkono akaubana.

"Mle kuna watu kweli?" Deo akauliza, sauti ndogo.

"Saba, baba mdogo. Kwa saa moja na nusu wanaimaliza dunia nzima."

"Na ile taa wanawasha wenyewe?"

"Siyo taa, ni jua. Kwetu limeshazama, kule juu bado linawapiga."

Deo akaifuata kwa macho hadi ikafifia upande wa bondeni, ikazimika. Akafuta pua.

"Sanduku lako lina kufuli?"

"Halina, baba mdogo."

"Kesho nitakununulia."

Hapo nikapiga kigelegele peke yangu, kirefu, hadi mbwa wakabweka.

Kutangaza mambo ya angani nimeacha, naapa, hiyo kazi nimemwachia Skola na vitabu vyake. Lakini Skola mwenyewe nitamtangaza, saa yoyote mtakayonikuta.